Mshiriki wa Saba

Duka la kutoa kopi lililotazamana na lango la chuo lilikuwa na mashine tatu, na siku hiyo mbili zilikuwa zimegoma. Ilikuwa saa sita mchana, wiki ya mwisho ya kukusanya kazi, na foleni ilikuwa imejikunja mara mbili ndani ya chumba ambacho hata kitanda na kabati visingeenea. Watu walijipepea kwa insha zao wenyewe. Mwenye duka aliwafokea wateja na mashine kwa sauti ileile.

Katikati ya msongamano huo alisimama mwanamke wa miaka thelathini na miwili, gauni la kijani lililoshonwa na dada yake, miwani ikimteleza puani kwa jasho, amekumbatia bahasha yake kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Alikuwa mtafiti. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akiandika tasnifu kuhusu uendeshaji wa hoteli zenye kasino, na hasa kuhusu jambo moja: kwa nini wagawa karata, wale wanaosimama mezani kuchezesha wateja, huacha kazi wakiwa ndio kwanza wamekuwa mahiri. Ndani ya bahasha kulikuwa na hojaji yake mpya. Ile ya kwanza ilikuwa imemtia aibu. Wagawa karata wa hoteli moja kubwa ya mjini walikuwa wameijaza wote, na wote waliweka alama ya "nakubali kabisa" mbele ya "Naipenda kazi yangu", kisha wakaweka alama hiyohiyo mbele ya "Nafikiria kuiacha kazi yangu". Hawakuwa wamesoma hata mstari mmoja.

"Dada, unanikanyaga," ikasema sauti nyuma yake.

"Samahani, kaka. Ningehama, ila sina pa kuhamia."

"Basi endelea, lakini badilisha mguu. Huo umeshachoka."

Akageuka. Mwanamume alikuwa mrefu kiasi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka limenyooka kama karatasi, kizibao cheusi, suruali nyeusi. Usoni alikuwa na utulivu wa mtu aliyezoea kutazamwa. Zamu yake ilipofika alitoa pesa kwenye kijifuko cha kitambaa kilichoning'inia shingoni, na mtafiti, ambaye udadisi ndio ugonjwa wake, hakuweza kujizuia.

"Suruali nzuri hivyo, haina mifuko?"

"Inayo. Imeshonwa ikazibwa."

"Na nani?"

"Na mwajiri. Nagawa karata kasino. Wanaogopa nisije nikaondoka na kitu."

Mtafiti nusura aangushe mayai yake. Miezi minne alikuwa akiwawinda watu hawa kwa mahojiano na wengi wakimkwepa, leo mmoja amekuja mwenyewe akakanyagwa! Alifungua kinywa kujitambulisha, lakini mwenye duka akapiga kelele, mashine ikatapika karatasi, watu wakasukumana kila mtu akiokota zake, na alipoinuka mwanamume alikuwa ameshapotelea mitaani.

Jioni, akiwa anakunywa chai kwa dada yake, simu ikaita.

"Haloo, naongea na mtafiti mkuu?"

"Nani mwenzangu?"

"Mtu uliyemkanyaga. Nimekuta hojaji yako katikati ya karatasi zangu, na namba yako iko chini. Nimeijaza."

"Hukutakiwa kuijaza! Kuna utaratibu wake."

"Pole, utaratibu nimeukuta mwishoni. Nimejaza maswali yote isipokuwa la kumi na nne. 'Je, tabasamu lako kwa mteja ni la kweli?' Halafu umeniwekea visanduku viwili, ndiyo na hapana. Dada yangu, mtu anayesimama saa nane akitabasamu anahitaji visanduku sita."

Mtafiti akavuta kalamu. "Vitaje."

"Kuna tabasamu la mwanzo wa zamu, hilo lina usingizi. Kuna la mteja aliyeshinda. Kuna la aliyepoteza, hilo liwe dogo, ukizidisha atadhani unamcheka. La nne ni la kamera, la tano la mkuu wa ukumbi, bosi wetu."

"Na la sita?"

"La sita halitoki kazini. Leo limenitoka mara moja tu, mchana, kwenye foleni."

Dada alikuwa mshonaji, mwanamke mwenye masikio makali kuliko sindano zake. Akainua kichwa. "Unacheka na nani?"

"Na data," akajibu mtafiti, akiwa ameona haya mpaka shingoni.

Basi ndivyo ilivyoanza. Swali la kumi na nne likafutwa, likaandikwa upya likiwa na visanduku sita. Mwanamume akaja chuoni kwa mahojiano rasmi, akasomewa haki zake, akaahidiwa kwamba jina lake halitaonekana popote, akatia sahihi na kupewa namba. Walikuwa wameshahojiwa watu sita kabla yake, kwa hiyo akawa Mshiriki wa Saba. Alieleza mengi siku ile. Alieleza jinsi meza zote za karata zilivyotengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia, naye anatumia wa kushoto, hivi kwamba wakati wa mafunzo ilibidi ajifunze upya kugawa kama mtoto anayejifunza kula. Mtafiti akaliandika hilo, akalipigia mstari. Hakuna kitabu alichosoma kilichowahi kuligusa.

Baada ya hapo alipaswa kumshukuru na kuachana naye. Badala yake akaanza kumwita Saba, naye Saba akaanza kumwita Daktari.

"Mimi bado si daktari."

"Nazoeza ulimi mapema. Umeshakula?"

"Nasahihisha sura."

"Sura yako haihitaji kusahihishwa. Nakuuliza umeshakula?"

Alikuwa akipiga simu kila mapumziko, dakika ishirini kila baada ya saa moja na nusu, na dada alifikia kuijua ratiba ya kasino kuliko wafanyakazi wenyewe. "Haya, shemeji ametoka mezani," angesema, hajainua macho kwenye cherehani, na kweli simu ingeita. Jumapili walikutana kwenye bustani ya manispaa, mtafiti akiwa amevaa gauni la njano au lile la kijani, Saba akiwa amevaa suruali zenye mifuko minne, sita, wakati mwingine minane. Alikuwa na wazimu wa mifuko siku za mapumziko. Ndani yake zilitoka karanga, leso, kitabu kidogo, chungwa. Mtafiti alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa anampenda, na alilijua hilo bila kuhitaji takwimu zozote.

Alijua pia jambo la pili. Sheria za chuo zilisema wazi kwamba mtafiti akiwa na uhusiano na mshiriki wake lazima amwambie msimamizi wake mara moja. Akajiambia atamwambia Profesa wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, na mwezi ujao Profesa alikuwa na shughuli nyingi.

Jumapili moja alasiri, wameketi kwenye benchi, miguu ya mtafiti ipo juu ya mapaja ya Saba na viatu viko nyasini, Saba alisema, "Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu."

"Una mke."

"Sikiliza, wewe. Mwaka jana kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima, alikuwa anakuja kila siku saa tisa alasiri. Alikuwa amefiwa na mumewe. Alikaa mezani kwangu kwa sababu, alisema, nina mikono ya mumewe. Akawa anapoteza. Hakuonekana hata kujali. Siku moja nikainama kama napanga karata, nikamnong'oneza, 'Mama, inatosha. Nenda nyumbani ukamlilie mzee.' Akanitazama, akachukua mkoba wake, akaondoka. Hakurudi tena."

"Na mkisema hivyo inakuwaje?"

"Mgawa karata hamshauri mteja. Ni marufuku. Wangejua, leseni yangu ingekwenda siku hiyohiyo, na bila leseni hakuna kasino itakayonipa hata fagio." Akaitazama mikono yake. "Nilikutana naye sokoni mwezi uliopita. Aliniita mwanangu. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia."

Mtafiti alimkumbatia. Alilia naye kidogo. Na hapo angekomea, hadithi hii ingekuwa fupi.

Lakini asubuhi yake aliamka na kile kisa kichwani, akaona kwamba miaka mitatu yote alikuwa akikitafuta hicho. Vitabu vyote vilisema wagawa karata wanaacha kazi kwa sababu ya uchovu na mshahara. Hakuna aliyesema kwamba wanaacha kwa sababu wanakatazwa kuwa na huruma. Akaandika Sura ya Nne kwa wiki tano, kurasa arobaini na moja, na moyo wa sura ulikuwa ni yule mama wa saa tisa. Jina la Saba hakulitaja. Wala umri wake, wala miaka yake kazini. Aliandika tu: "mshiriki mmoja, mgawa karata anayetumia mkono wa kushoto". Mkono ule aliuacha kwa sababu ulikuwa ugunduzi wake, na aliuonea fahari. Kisha, kama mkataba wa utafiti na hoteli ya Saba ulivyotaka, akapeleka muhtasari wa sura kwenye ofisi ya utumishi, akasahau.

Alhamisi asubuhi Saba akapiga simu.

"Saba wangu! Mbona mapema?"

"Kasino yetu ina wagawa karata wangapi?"

"Thelathini na wanane. Kuna nini?"

"Wa mkono wa kushoto ni wangapi?"

Mtafiti akalivuta daftari lake. Alikuwa amehesabu umri wao, saa zao za kusimama, watoto wao, viatu wanavyomaliza kwa mwaka. Hilo hakulihesabu.

"Ni mmoja," Saba akasema. "Mkuu wa ukumbi hakuhitaji hata kumaliza ukurasa. Nimesimamishwa. Jumatano nina kikao cha nidhamu."

"Sikuandika jina lako, mpenzi. Naapa."

"Jina hukuandika. Umeniandika mimi."

"Saba..."

"Nikuulize. Siku ile kwenye benchi, nilikuwa naongea na nani? Mpenzi wangu au mtafiti?"

"Ni mtu mmoja. Ni mimi."

"Basi ungeniambia. Mimi nilidhani tuko wawili. Sikujua kwamba na Mshiriki wa Saba naye amekaa pale katikati yetu, na kwamba huyo ndiye unayemsikiliza."

Simu ikakatika. Akapiga mara kumi na moja, haikupokelewa. Akaandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika mfupi: "Nisamehe." Haukujibiwa.

Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, cherehani imezimwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Nitakwambia ukweli kwa sababu wengine watakuonea huruma," akasema. "Mwenzio alikupa siri, wewe ukaona sura ya kitabu."

"Najua, dada."

"Hujui, ndiyo kwanza unaanza kujua. Nenda kanawe uso."

Jumatatu hoteli ikamwita. Ofisi ya utumishi ilikuwa nyuma ya dobi, ikinuka sabuni na mashuka ya moto. Ofisa utumishi, mama mpole aliyefunga miwani yake kwa uzi, alikuwa ameketi mezani, na kando yake mkuu wa ukumbi, bwana wa suti inayong'aa na manukato yanayotangulia, alikuwa amesimama. Muhtasari ulikuwa mbele yao, umezungushiwa wino mwekundu mahali pamoja.

"Hatutaki maneno mengi," mkuu wa ukumbi akasema. "Mtu wa mkono wa kushoto unamjua, sisi tunamjua. Tuthibitishie tu."

"Siwezi. Washiriki wangu nimewaahidi siri."

"Hatukuombi jina. Tikisa kichwa, yaishe."

Ofisa utumishi akasema taratibu, "Mwanangu, fikiria. Bila uthibitisho wako hatuna kesi, tuna tetesi. Lakini ukikataa, ruhusa yako ya utafiti hapa naifuta, na uliyoyakusanya kwetu hutayatumia. Nimepewa maagizo."

Miaka mitatu. Mahojiano ishirini na mawili, hojaji, safari, mikopo ya nauli kutoka kwa dada. Mtafiti aliona yote yamelala pale juu ya meza. Alitamani kuwaambia kwamba mtu huyo ni mwema kuliko wote waliomo katika jengo hili, lakini hata hilo lingekuwa ni kumtaja.

"Sitatikisa," akasema. "Futeni."

"Basi mimi nitakwambia ukweli ulivyo," mkuu wa ukumbi akasema. "Huyo mtu hayupo. Umembuni ili upate shahada. Na chuo chako kitaandikiwa barua hivyo."

Mtafiti akatoka. Alifika hadi kwenye kona ya barabara, akaketi ukingoni mwa njia na gauni lake zuri, watu wakimpita. Mtu aliyebuni data huwa hasamehewi popote. Si chuo kimoja tu, ni vyote.

Jumatano aliamkia kwa dada yake kushona vifungo, kazi ambayo dada alimpa ili mikono isikae bure, na ambayo baadaye ilibidi irudiwe yote. Saa nne ikapita. Saa tano. Saa tano na robo mlango ukafunikwa na kivuli, na Saba alikuwa amesimama pale, kizibao mkononi.

Dada akainuka. "Nakwenda kununua uzi," akasema, kwenye chumba chenye uzi wa kushonea mji mzima.

"Walikwambia wewe umebuni?" Saba akauliza.

"Ndiyo."

"Na bado hukusema ni mimi."

"Nilishakusema mara moja, ikatosha."

Saba akaketi juu ya rundo la vitambaa. "Kikao kilianza vizuri. Ofisa utumishi akasoma: mtafiti amekataa kuthibitisha, kwa hiyo hakuna shtaka. Nikavuta pumzi. Nikajua kesho narudi mezani. Halafu mkuu wa ukumbi akatoa barua ya kwenda chuoni kwako, akaisoma kwa sauti, akicheka. Mtafiti mwongo. Mtafiti aliyetunga mjane na mgawa karata. Akasema tutie sahihi wote tulio chumbani, kwamba jambo kama hilo halijawahi kutokea kwetu."

Mtafiti akaacha sindano. "Saba. Usiniambie."

"Nikasimama nikasema, limetokea. Ni mimi niliyemwambia yule mama, na leo akija nitamwambia tena."

"Wewe mwanamume una akili kweli?" Alikuwa amesimama, vifungo vimemwagika sakafuni. "Mimi nimetupa miaka mitatu usitajwe, wewe unajitaja mwenyewe! Kwa mdomo wako! Leseni yako!"

"Usinifokee, nimetoka kufokewa sasa hivi."

"Nitakufokea! Ungenyamaza tu! Ungekuwa salama!"

"Ningekuwa salama na wewe ungekuwa mwongo. Ningegawaje karata na hilo?" Akakitupa kizibao juu ya vitambaa. "Nilikuwa na hasira nawe, Daktari. Bado ninayo kidogo. Lakini nilipoisikia ile barua, hasira ilihama yote ikaenda kwake."

Mtafiti akaja akapiga magoti mbele yake, akaweka kichwa kwenye mapaja yake akalia kwa sauti, bila kujali jirani wala mpita njia. "Nisamehe. Sikukuiba kwa makusudi. Nilikuona wa ajabu, nikataka dunia nzima ikuone. Sikukuuliza kama unataka kuonwa."

"Ungeniuliza ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu, mengine yote ni maelezo."

Saba akaweka mkono kwenye nywele zake, akauacha pale. "Leseni imebaki," akasema. "Ofisa utumishi alinitetea. Onyo la mwisho la maandishi, miezi miwili bila kazi, na cheo cha usimamizi wa meza nilichokuwa naomba, nikisahau. Inuka basi. Unanilowesha suruali, na ndiyo pekee ya kazi."

Barua ya hoteli ilifika chuoni Ijumaa. Kwa kuwa kisa kimethibitika kuwa cha kweli, ilisema, ruhusa ya utafiti inarejeshwa. Meneja mkuu angependa pia kuisoma sura hiyo itakapokamilika. Profesa, mama mwembamba ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akikaa kwenye kiti chenye mto, aliisoma mara mbili.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Keti. Una bahati, binti. Sura ya Nne ndiyo kazi bora niliyosoma kutoka kwa mwanafunzi wangu miaka mingi." Akavua miwani. "Sasa nauliza mara moja tu, na nitaandika utakalonijibu. Huyu mshiriki aliyesimama mbele ya kikao akajitaja. Ni mshiriki tu, au ni zaidi?"

Mtafiti alijua kilichofichwa ndani ya swali lile. Akisema ni mshiriki tu, sura inabaki, na pamoja nayo shahada, makala, kazi ya kufundisha. Hakuna wa kumpinga. Saba mwenyewe asingempinga, angeinua mabega na kusema, haya, Daktari.

"Ni zaidi," akasema. "Alikuwa zaidi tangu kabla ya mahojiano. Nilipaswa kukwambia, sikukwambia."

"Unajua maana yake."

"Maneno yake yote yatoke. Na sura imesimama juu yake."

"Imesimama juu yake yeye peke yake," Profesa akasema. "Bila yeye huna sura. Utaandika nyingine, na itakuchukua mwaka, na kwa kunificha nitaweka barua kwenye faili lako." Akafungua saraka, akatoa karatasi. "Hii ni fomu ya mshiriki kujitoa. Ajaze yeye mwenyewe. Niletee leo kabla ya saa kumi, nisije nikabadili mawazo."

Saba alikuwa kwake, ghorofa ya tatu, anaanika mashati kwenye kamba ya ujiani, vibanio mdomoni. Alipomwona akavitoa. Mtafiti akamweleza yote pale pale wamesimama kati ya mashati mabichi, alichoulizwa na alichojibu, na Saba akasikiliza bila kumkatiza.

"Ungesema mshiriki tu," akasema mwishoni. "Mimi nisingeudhika."

"Mimi ningeudhika. Andika hapa tarehe. Hapa sahihi. Hapo chini wameuliza sababu ya kujitoa, lakini si lazima."

Saba akafuta mikono kwenye suruali, akaweka karatasi ukutani, akaandika taratibu, ameifunika kwa bega kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu. Alipompa, mtafiti akasukuma miwani juu, akasoma. Akasoma tena. Mwandiko ulikuwa unalalia upande, lakini unasomeka kila herufi.

*Sababu ya kujitoa: Nataka kumuoa mtafiti, akikubali.*

"Saba. Fomu hii inakwenda kwa Profesa."

"Najua."

"Inasomwa na kamati ya maadili. Watu watano. Halafu inawekwa kwenye faili miaka kumi."

"Vizuri. Nikijaribu kukukimbia, wana ushahidi."

Alijaribu kucheka, akashindwa. "Kurasa arobaini na moja, Saba. Zimekwenda zote."

"Pole, mpenzi wangu."

"Na cheo chako."

"Nacho kina pole yake." Alikuwa hatabasamu. Uso wake, uliozoea kutazamwa na kamera na wateja na mabosi, ulikuwa umeogopa waziwazi. "Daktari, usinitese. Nimeuliza swali."

Chini kabisa ya fomu, mahali palipoandikwa "maelezo ya mtafiti", palikuwa na mistari miwili mitupu. Mtafiti akamnyang'anya kalamu, akaweka karatasi kwenye mgongo wake, akamwambia asitikisike, akaandika: *Mtafiti alimpenda mshiriki huyu kabla ya kumpa namba. Amekubali kuolewa naye.* Akatia sahihi na tarehe.

"Umeandika nini? Nimehisi maneno mengi."

"Utayasoma njiani. Kavae shati kavu, Profesa anafunga saa kumi."